Kaka Alivyompeleka Baba Kambini

Watu huniuliza kwa nini siongei na kaka yangu, na nikianza kueleza wananikatiza kabla sijafika mbali. "Ni waya tu, mwalimu," wananiambia. "Na yule ni ndugu yako." Basi nimeona niandike, angalau nimalize sentensi zangu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Susuni, wilaya ya Tarime. Kaka yangu anafanya kazi Mwanza, kwenye kampuni ya vifaa vya ujenzi. Baba yetu bado anaishi kijijini kulekule tulikozaliwa, wilaya ya Serengeti, upande ule ambao ukimaliza mashamba ya mtama na mihogo unakuta mpaka wa hifadhi. Mama alifariki nikiwa chuo cha ualimu. Tumebaki watatu.

Likizo ya mwezi wa sita kaka alinipigia simu akiwa na furaha ambayo sikuizoea kwake.

"Jiandae. Tunampeleka mzee kupiga kambi Serengeti. Nyumbu wameshafika upande wa kwetu. Bosi wangu na mkewe wanakuja pia, wanapenda sana mambo ya porini."

Nilifurahi, sitadanganya. Nilikaa kwenye kibaraza cha nyumba yangu nikamwambia jirani kwamba kaka hatimaye amekua. Baba alikuwa ameishi miaka yake yote jirani na ile hifadhi na hakuwahi kuingia kwa kupitia getini. Alizoea kuingia kwa miguu, ameinama, kiza kikiwa kimeshaingia.

Hapo lazima nieleze. Baba alikuwa mwindaji. Sisemi kwa kujivuna, na sisemi kwa kumtetea. Mihogo ilipougua na mtama ukaliwa na ndege, wanaume wengi wa kijijini kwetu walichukua waya wa kutegea wanyama wakaenda. Nyama ilirudi imekaushwa, tukaiita kimoro, tukala, nyingine ikauzwa. Mimi nilivaa viatu vya shule vilivyotokana na kimoro. Kaka alisoma sekondari ya bweni Musoma kwa kimoro hichohicho, daftari lake, godoro lake, sanduku lake la bati. Kisha baba akakamatwa na askari akiwa na mzigo begani, akapelekwa mahakamani, akafungwa. Sheria ilikuwepo, na baba mwenyewe hajawahi kusema alionewa.

Lakini mama na mimi tulikuwa tunakwenda kumwona. Tulipanda nyuma ya malori ya mahindi tukiwa na sabuni na karanga zilizokaangwa. Baba alikuwa anatoka amekonda, anamwuliza mama habari za ng'ombe, ananiuliza mimi habari za hesabu, halafu anauliza, "Na kaka yako? Anasoma?" Mama alijibu anasoma. Kaka hakuwahi kuja hata mara moja. Likizo alikuwa anapita karibu kabisa na gereza, ndani ya basi, anakuja nyumbani kula.

Na kuna jambo jingine. Baba alipokuwa ametoka gerezani, tena hazijapita wiki nyingi, alikuja kijana mmoja nyumbani aliyesoma na kaka. Alikuwa anapita kwenda Mugumu kwa shangazi yake. Kaka hakuwepo. Kijana alimkuta baba anapukuchua mahindi uani, akamsalimia, akakaa, akasema amekuja kutoa pole kwa familia kwa msiba wa baba. Kaka alikuwa amewaambia shule nzima kwamba baba yake alifukiwa na kifusi kwenye mashimo ya dhahabu huko Nyamongo. Yule kijana alidhani anaongea na mdogo wake marehemu.

Baba aliendelea kupukuchua. Akasema, "Asante, mwanangu. Tumeshapoa." Akaniita nimletee mgeni uji.

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilikuwa binti mdogo na nilisikia kila neno. Baba hakumuuliza kaka, si siku ile wala baadaye. Kwa hiyo mnaponiambia ni waya tu, jueni kwamba huo waya ulinikuta nikiwa nimeshajaa.

Kaka alinichukua Tarime mjini alfajiri. Bosi wake alikaa mbele, mwanaume mnene mwenye sauti ya upole, amevaa nguo za rangi ya nyasi kama anayekwenda kupiga picha ya kalenda. Mkewe alikaa nyuma, na mimi nikabanwa kati yake na makasha ya barafu. Njia ilikwenda Nyamwaga, ikashuka Nyamongo, tukapita Kewanja pembeni ya uzio wa mgodi na vilima vya mawe vilivyotoka chini ya ardhi. Vijana walikuwa wamebeba viroba vya mawe kwenye pikipiki. Mke wa bosi aliniuliza maswali mazuri tu, watoto wangapi darasani, mvua huwa inanyesha lini, na nikampenda kidogo. Tulivuka Mto Mara. Mugumu tukanunua mkaa, nyama ya mbuzi na nyanya, halafu tukaingia barabara ya vumbi kwenda nyumbani.

Baba alikuwa anatusubiri barabarani. Alikuwa amenyoa ndevu. Alikuwa amevaa koti alilovaa siku ya mahafali yangu, na kofia, na fimbo yake mkononi. Aliposikia habari ya kupiga kambi alikuwa amejiandalia na blanketi lake mwenyewe, amelikunja na kulifunga kwa kamba ya katani, kwa sababu hakuamini kwamba ndani ya hema kutakuwa na kitu cha kujifunika.

"Huyu sasa ndiye yule mzee niliyewaambia," kaka alisema kabla hata hajamsalimia.

Bosi alishuka akamshika baba mikono miwili. "Shikamoo, mzee wetu. Tumesikia habari zako nyingi!"

"Marahaba," baba alisema. "Habari zipi hizo?"

Wote walicheka. Baba naye akatabasamu, kama mtu anayetabasamu kwa lugha asiyoielewa. Mimi nilimtazama kaka, naye akawa anapanga mizigo.

Getini tuliambiwa tutoe vitambulisho. Askari wa pale alikuwa kijana mdogo, angeweza kuwa mwanafunzi wangu. Baba alivua kofia. Akachomoa kitambulisho chake cha taifa kutoka mfuko wa ndani wa koti, kimefungwa ndani ya mfuko wa plastiki, akakinyoosha kabla zamu yake haijafika.

"Shikamoo, mzee," yule askari alisema. "Karibu sana hifadhini."

Baba alimwangalia yule kijana, akaangalia viatu vyake, akaangalia bunduki iliyoegemezwa ukutani. Ndipo akasema, "Marahaba, mwanangu. Asante."

Akavaa kofia. Nikaona amenyoosha mgongo. Hata leo, nikiwa na hasira zangu zote, nakumbuka jinsi alivyokaa wima kwenye kile kiti baada ya lile geti.

Tulizunguka mchana kutwa. Nyumbu walikuwa wengi mpaka jicho linachoka, wamesambaa kwenye nyasi zilizokauka, wengine wanakwenda kwa mstari bila haraka, ndama wao wakikimbilia ubavuni mwa mama zao. Baba alifungua kioo akaegemeza kidevu mkononi. Alikuwa hajawahi kuwatazama hivyo, bila kujificha, bila kusikiliza nyuma yake kama kuna mtu. Baada ya muda mrefu akasema, taratibu tu, kwa nafsi yake, "Mwaka huu wamenona."

"Mnaona?" kaka alipiga kelele huku anapiga usukani. "Mnaona? Bado anawapima! Mzee bado anaona kitoweo!"

Bosi akacheka sana. Baba akapandisha kioo nusu. Tangu hapo hakusema tena kitu chochote ndani ya lile gari, na kila nyumbu walipopita karibu alijifanya anaangalia mbali.

Nilimwambia kaka kwa Kikurya aache. Akanijibu kwa Kiswahili ili wote wasikie, "Dada yangu huyu anafikiri yuko darasani."

Kambi tuliyolala ni ya umma, ya kawaida, ile ambayo mwananchi yeyote anaweza kwenda. Haina uzio. Kuna uwanja wa nyasi zilizofyekwa, mabanda mawili yenye wavu wa chuma pande zote, moja la kupikia na jingine la kulia, tangi la maji, vyoo, na sehemu moja maalumu ya kuwashia moto. Kibao kimeandikwa masharti: usiweke chakula ndani ya hema, usitembee mbali na kambi, usipige muziki kwa sauti ya juu. Tulikuta kikundi cha wanafunzi wa chuo wamesimamisha mahema yao madogo, na wazungu wawili wenye hema juu ya gari. Palikuwa pazuri. Mwanga wa jioni ulikuwa umelala juu ya nyasi, na korongo wakubwa wenye vipara walikuwa wanazungukazunguka kama wazee wanaotafuta kikao.

Kaka aliwasha spika yake. Mwanafunzi mmoja wa kike akaja, akasema kwa adabu, "Kaka, samahani, kibao kinasema…" Kaka akamwambia nasi tumelipa kama wao. Ilibidi bosi mwenyewe ainuke akapunguze.

Baba na mimi tulisimamisha hema letu. Alipenda zile fito zinazokunjika. Alizikunja akazikunjua kama mtoto, akaingia ndani, akalala chali na viatu vyake vikiwa nje, akasema, "Mama," maana ndivyo anavyoniita, "hii nyumba ina madirisha." Tulicheka wote wawili. Kisha akaketi kwenye kiti cha kukunja mbele ya hema, fimbo magotini, blanketi lake mabegani, akawa anasikiliza. Pundamilia walilia mahali fulani. Akaniambia ni pundamilia. Nikamwambia najua, tata, kama tunavyomwita baba kwa Kikurya, nilizaliwa hapa pia. Nilikuwa na furaha. Nataka hilo lijulikane. Kwa muda mfupi ule kaka alikuwa ametufanyia jambo jema, na kama angeishia pale ningekuwa namshukuru mpaka leo.

Nyama ilipokaribia kuiva tukakusanyika motoni. Jua lilikuwa limezama lakini anga bado ilikuwa na wekundu. Kaka akazima muziki, akapiga makofi.

"Sasa jamani, kile tulichokijia. Mzee atatuonyesha kazi."

Akaenda kwenye gari, akafungua kisanduku cha spana, akarudi na waya. Waya wa chuma, ule mwembamba wa nyuzi nyingi, umeviringishwa vizuri, bado una mafuta ya dukani. Hakuuokota njiani. Alikuwa ameununua Mwanza, akaukata kwa kipimo, akaupitisha getini chini ya spana.

Niliweka sahani yangu chini.

"Umeutoa wapi huo?" baba aliuliza.

"Ni waya tu, tata. Waonyeshe kitanzi kinavyofungwa. Nimewaahidi."

"Humu ndani?"

"Tumelipia, tata. Hakuna wa kutuuliza."

Baba aliuangalia ule waya kwenye kiganja cha mwanawe. Kisha akamwangalia bosi, ambaye alikuwa amekodoa macho kama mtu anayesubiri mchezo uanze, akamwangalia mke wa bosi, ambaye alikuwa ameshainua simu. Najua alichokuwa anafikiri, kwa sababu namjua baba yangu. Alikuwa anafikiri, huyu ni mwanangu, hawa ni wakubwa wake wa kazi, nikikataa atatahayari.

"Tata, acha," nilisema.

"Mwache mzee afurahi!" kaka akasema.

Baba akauchukua. Vidole vyake vikafanya kazi bila yeye kuvitazama, jicho dogo upande mmoja, waya ukapita, ukavutwa, kitanzi kikasimama. Haikuchukua hata muda wa kugeuza nyama. Bosi akasema, "Duh!" Kaka akainama akaweka mikono chini, akaingiza kichwa chake kwenye kile kitanzi, akaguna kama nyumbu, akarusha mateke. Bosi alicheka mpaka akashika kiti.

Halafu kaka akasimama, akaanza kuwasimulia jinsi baba alivyokamatwa.

Alisimulia kwa vitendo. Alionyesha mzee anavyokimbia na paja la nyumbu begani, anavyojikwaa, suruali inavyonasa kwenye miiba na kubaki pale, anavyopiga magoti mbele ya askari akiomba aachiwe kwa sababu ana mtoto mwenye akili yuko sekondari. Alibadilisha sauti akawa baba. Hakuwepo siku ile. Hakuwahi hata kuuliza ilikuwaje. Kila kitu alikuwa amekitunga mwenyewe, na ilionekana wazi alikuwa ameshakisimulia mara nyingi kule Mwanza, kwa maana alijua wapi pa kunyamaza ili watu wacheke. Huyu ndiye aliyemzika baba yake akiwa hai kwa sababu ya aibu. Sasa aibu ilikuwa imegeuka kichekesho cha kumfurahishia bosi, basi marehemu akafufuliwa, akaletwa na gari, akakalishwa kwenye kiti cha kukunja.

Baba alikuwa ameinamisha kichwa. Kitanzi kilikuwa bado mkononi mwake.

Hatukusikia gari la doria likisimama upande wa vyoo. Askari walioshuka walikuwa wawili, na mmoja, mwanamke wa makamo, akaja motoni kwetu na tochi yake ikiwa imeelekezwa chini.

"Habari za jioni. Karibuni Serengeti. Nawakumbusha tu, chakula kisibaki nje, na usiku msitoke bila…" Tochi yake ikapanda. Ikasimama kwenye mikono ya baba. "Shikamoo, mzee. Hicho ni nini?"

Mafuta ya nyama yalikuwa yanadondokea kwenye makaa. Wanafunzi wa upande wa pili walikuwa wamegeuka kututazama.

"Waya huu ni wa nani?" askari akauliza. Hakupandisha sauti.

Nilimwangalia kaka. Kaka alikuwa ameshika koleo la nyama. Akageuza kipande kimoja. Akageuza kingine. Aliisogeza nyama ile upande huu na upande ule kana kwamba ndilo jambo kubwa kuliko yote duniani, na mdomo wake haukufunguka.

Baba akasema, "Ni wangu."

Sijui kama nimewahi kukasirika namna ile. Masikio yaliziba. Nilisimama, kiti kikaanguka nyuma yangu, na sauti iliyonitoka iliwasimamisha wale wazungu wakatazama kutoka juu ya gari lao.

"Si wake! Ni wa huyu! Huyu aliyeshika koleo! Ameununua Mwanza, ameuleta yeye, amemlazimisha yeye! Sema! Una mdomo wa kumwigiza baba na huna mdomo wa kusema ni wako? Amefungwa mara moja ukiwa unakula jasho lake, unataka afungwe tena ili bosi wako acheke? Uliwaambia watu amekufa! Alipewa pole ya kifo chake mwenyewe, uani kwake, nami nipo! Sema waya ni wa nani!"

"Dada amepandwa na jazba tu," kaka alimwambia askari, na alikuwa anatabasamu, Mungu anisamehe, alikuwa anatabasamu. "Ni mambo ya kifamilia."

"Sijauliza ya familia," askari alisema. "Nimeuliza waya."

Kaka akamtazama baba. Hilo ndilo ambalo siwezi kulisahau. Alimtazama kama mtoto anayesubiri mzazi amalizie kumtetea. Na baba akafungua mdomo tena, na najua angesema tena ni wangu, lakini mke wa bosi akamtangulia.

"Ni wa huyu bwana," akasema, akimwonyesha kaka. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Ameutoa kwenye gari. Ninayo hapa kwenye simu." Bosi akageuka kumtazama mkewe, halafu akatazama chini.

Askari aliiangalia ile video, akapokea waya kutoka kwa baba kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea kitu kwa mkubwa wake, akamwambia, "Wewe kaa ule, mzee." Kisha akamweleza kaka kwamba kuingia na mtego ndani ya hifadhi ni kosa, awe ameuweka au hajauweka, na kwamba atafuatana nao kituoni. Kaka akaanza kueleza anafanya kazi wapi. Akaambiwa aende akaeleze huko.

Baba alisimama. "Nitakwenda naye."

"Hapana, mzee."

"Hajui kule," baba alisema. "Nitakaa naye."

Walikataa kwa upole. Gari liliondoka, na baba akabaki amesimama pale na blanketi lake mpaka hatukuona tena taa. Nyama iliungua. Hakuna aliyeila.

Asubuhi nilichemsha chai kwenye lile banda la wavu, nikampelekea kikombe. Alikuwa ameshatoka kwenye hema, ameketi, amevaa koti lake limefungwa vifungo vyote. Nilimuuliza kwa nini alisema waya ni wake.

"Mimi nilishafungwa," alisema. "Najua pa kulala, najua pa kukaa, najua nani wa kusalimia kwanza. Yeye asingeweza hata siku moja."

"Lakini aliyekosea si wewe, tata. Yeye hata mara moja hakuja kukuona."

"Najua hakuja. Nilikuwa naangalia mlango kila Jumapili."

Akanywa chai. Nilifikiri amemaliza. Kisha akaniambia, bila kunitazama, "Yule askari alikuwa hajui kwamba nilifungwa. Wale watoto wa chuo walikuwa hawajui. Jana asubuhi niliingia hapa kama mtu mwingine yeyote. Wewe ndiye uliyewaambia."

Yeye alikuwa amenikasirikia mimi. Kaka alimchezesha kama kikaragosi, akamwacha peke yake mbele ya askari, na aliyekasirikiwa ni mimi, kwa sababu nilisema ukweli kwa sauti. Nimelifikiria sana hili. Pengine ana haki. Pengine kulikuwa na namna ya kusema waya ni wa kaka bila kusema mengine yote. Lakini hasira haitoki kwa kijiko, na mimi nilikuwa nimekaa nayo tangu siku ile ya mlangoni. Basi nikawakasirikia wote wawili, baba kwa kumpenda mwanawe namna ile, na mwanawe kwa kuyaona mapenzi yale na kujificha nyuma yake.

Kaka alirudishwa asubuhi hiyohiyo. Ameonywa, amechukuliwa maelezo, ameambiwa tufungashe tuondoke. Sikumuuliza zaidi. Bosi alikuja kwa baba, akavua kofia yake ya porini.

"Mzee, nisamehe. Nilicheka."

"Hamna neno," baba alisema. "Chakula kilikuwa kizuri." Hata hakuwa amekionja.

Tulifungasha, tukaondoka. Tulipita tena kati ya nyumbu na hakuna aliyesimamisha gari. Kijijini, baba alishuka, akachukua fimbo na blanketi, akamshukuru kila mtu mmoja mmoja, pamoja na kaka. Mimi nikashuka naye. Sikutaka kurudi Tarime kwenye gari lile. Kaka akaniita dirishani.

"Umeniharibia," akasema kwa Kikurya. "Unajua nimemtafuta yule mtu muda gani aje kwetu?"

"Hakuja kwetu," nilimwambia. "Alikuja kumwona nyumbu."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyomwambia.

Baada ya hapo simu zilianza. Shangazi wa Mugumu, baba mdogo wa Sirari, hata mchungaji wetu. Wote wamesikia kwamba nilimtukana kaka yangu mbele ya mwajiri wake, kwamba nusura apoteze kazi. Hakuipoteza. Wote wananiambia mimi ni mwanamke, nishuke, niombe msamaha, nyumba isije ikavunjika. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza baba alikuwa ameketi vipi pale motoni.

Mwezi wa kumi na mbili kaka alikuja kijijini na mkewe na watoto. Baba alichinja mbuzi. Nilikuwepo, nikapika, nikasonga ugali, nikamtengea kaka maji ya kunawa kama ninavyomtengea mgeni yeyote, na sikusema neno. Watoto wake niliwapakata, maana wao hawana kosa. Walipokuwa wanakula, kaka akachangamka, akamwambia baba kwamba mwaka kesho watakwenda tena kupiga kambi, safari hii wenyewe tu, familia.

Baba alimeza kwanza.

"Nitakwenda," alisema. "Nitakwenda na huyu," akanionyesha kwa kidevu, "na hao watoto. Wewe utabaki kuangalia ng'ombe."

Mke wa kaka akacheka akidhani ni utani. Kaka akamtazama baba, akasubiri naye acheke. Baba akamega ugali mwingine, akamwomba mjukuu wake amsogezee mchuzi.

Mimi nilichukua beseni la maji, nikatoka nalo nje, nikayamwaga.